Bibi Aliyeninyamazisha Ndiye Anayewapigia Wanangu Ngoma

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, watoto wamelala. Mchana siwezi, na ukisoma utaelewa kwa nini.

Nina miaka 36, ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani. Nashona nyumbani kwangu, Nkuhungu, hapa Dodoma. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Rusumo. Akiondoka zinaweza kukatika wiki mbili hajarudi. Mtoto wa kwanza ni wa kike, ana miaka tisa. Anayemfuata ni wa kiume, miaka sita, na kitindamimba ana minne.

Tatizo langu ni kelele za watoto. Kelele nyingine hazinisumbui. Nyuma yetu kuna baa, muziki unalia mpaka saa sita usiku na mimi nalala fofofo. Mashine ya kusaga iko hapo jirani, bodaboda zinapita chini ya dirisha, cherehani changu chenyewe kina mlio, wala sijali. Lakini mtoto akicheka kwa nguvu, au wakianza kukimbizana barazani, nashtuka kama niliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mshono unapinda. Kabla sijajua nasema nini nimeshawafokea, na sauti yangu inazidi ya wote watatu wakijumlishwa. Mara nyingine nafinya.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kijijini, wilaya ya Mpwapwa. Mama alifariki nikiwa na miaka mitano, baba sikumjua. Tulikuwa watatu kwa bibi, mimi na watoto wawili wa mjomba, kwenye nyumba ya tembe. Babu alishatangulia. Bibi alikuwa akipika pombe ya mtama, jioni wanaume wanakuja kunywa pale uani, na hiyo pombe ndiyo iliyotununulia madaftari. Sheria yake ilikuwa moja: jua likizama, sauti ya mtoto isisikike. Tulikaa chumba cha ndani na giza letu. Hata kukohoa tulikoholea kwenye khanga. "Mtoto anayesikika anajulikana alipo," ndivyo alivyotuambia, na sisi hatukuuliza maana yake.

Hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa anafinya. Paja la ndani, anashika nyama kidogo tu, anazungusha, na ukilia anaongeza. Nilijifunza kumeza kilio mpaka kikakoma kuja. Kwenye msiba wa mama mkubwa sikutoa chozi, ndugu wakanisema sana.

Sisemi alinichukia, Shangazi. Aliuza mbuzi wake wawili nikanunuliwa cherehani cha kwanza. Ninachokula leo kimetoka kwenye mikono yake.

Mwaka jana baada ya mavuno nilimchukua aje kukaa na mimi. Macho yamemwishia: ana mtoto wa jicho, jicho moja halioni kabisa, jingine linaona vivuli. Na hapa ndipo kichwa changu kinapovurugika. Huyu bibi si yule. Wa kiume anamwita "mume wangu", anamdai hela ya matumizi. Wa kike anamwita mke mwenzie, wanagombana hadi machozi ya kicheko. Wanampandia mgongoni, wanammwagia ubuyu kwenye khanga, na yeye anacheka na kibogoyo chake mpaka anashika mbavu. Mimi niko ndani na cherehani, nasikiliza, na roho inachemka.

Januari hii, Ijumaa, shule zinafunguliwa Jumatatu. Nina sare za watoto kumi na wanne hazijatiwa vifungo, wazazi wanapiga simu. Nikasikia ngoma. Nikadhani ni redio ya jirani. Nikatoka. Bibi amekaa kwenye kigoda, ndoo ameibana katikati ya magoti, anapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Anapiga hasa, mkono haukosei. Watoto nao kila mmoja na kopo lake, kitindamimba anatingisha mabega. Miaka yote niliyokaa na yule mama sikuwahi kujua kama anajua muheme.

Sijui kilichoniingia. Niliichomoa ndoo magotini kwake nikaibamiza ukutani, ikapasuka. Nikamshika aliyekuwa karibu, wa kiume, nikamfinya paja la ndani. Nikazungusha.

Hakulia. Aliuma midomo, akanitazama, akatoa pumzi taratibu puani kama mtu mzima. Shangazi, mimi sijamfundisha kufanya vile. Au nimemfundisha?

Bibi kwa kuwa haoni akauliza, "Kuna nini, mbona kimya?" Hakuna aliyemjibu. Akasema, "Waache wapige kelele, nijue walipo." Hapo ndipo nilipomwambia: "Leo ndiyo umejua watoto wana sauti? Ya kwangu uliipeleka wapi?"

Hakunijibu. Alimwomba mke mwenzie fimbo yake, akaingia ndani. Tangu siku ile anaongea kwa shida, na ameshasema mara mbili nimrudishe Mpwapwa. Watoto wanacheza kwa kunong'ona. Nimekipata kimya nilichokuwa nakitaka, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Jirani yangu ananiambia nisijisumbue, watoto wa siku hizi wamedekezwa, sisi tulifinywa na kuchapwa na tukawa watu. Mume wangu sijamwambia. Nataka kujua mambo mawili: mimi nimeharibika akili? Na je, nina haki ya kudai bibi aniombe radhi, au nitakuwa nimejilaani?

Fundi wa Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na yule wa miaka sita, kwa sababu bibi ameshasubiri miaka mingi na anaweza kusubiri siku mbili zaidi. Mtoto hawezi.

Umeuliza kama umemfundisha. Umemfundisha. Mtoto hajui kuuma midomo na kutolea pumzi puani kwa kufinywa siku moja. Hilo ni somo la siku nyingi, na wewe unalijua kuliko mimi kwa sababu ulilisoma mwenyewe. Katika barua yako ndefu umetumia maneno matatu tu: "Mara nyingine nafinya." Nadhani ni zaidi ya mara nyingine. Sikusuti. Nakuambia tu kwamba nimeona ulipopita haraka.

Kesho akirudi shule, kabla hajavua viatu, mwite. Kaa chini, macho yenu yawe sawa. Mwambie: "Siku ile nilikufinya. Nilikosea. Hukufanya kosa lolote, ulikuwa unacheza." Ishia hapo. Usiongeze "lakini mlikuwa mnapiga kelele", maana hapo unakuwa umemgeuzia mashtaka. Usimwambie "haya sema umenisamehe", usimpe shilingi mia tano ya pipi. Dada yake na mdogo wake wawepo, kwa sababu walikuwepo siku ile. Kisha mwambie neno moja ambalo wewe hukuambiwa: kikiuma, lia. Anaweza kukutazama tu akaenda zake kula. Mwache. Atakuwa amesikia.

Najua kwetu mkubwa hamwombi mdogo radhi. Tunapika chapati, tunamwongezea nyama, tunajifanya yamekwisha. Kwa jambo dogo chapati inatosha. Kwa paja lenye alama haitoshi.

Sasa twende kwako. Akili yako ni nzima na masikio yako ni mazima. Baa imekutolea ushahidi. Mtu anayelala chini ya spika za baa na kuamshwa na kicheko cha mtoto hana ugonjwa wa kelele. Mwili wako umejifunza kwamba sauti ya mtoto, hasa ikiwa ya furaha, hufuatwa na maumivu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake ni kupiga king'ora kabla hujafikiri. Ndiyo inayokufanya uruke ukiona kamba gizani ukidhani ni nyoka. Haisomi kalenda. Haijui kwamba tembe la Mpwapwa liko mbali, kwamba wewe sasa ndiye mwenye nyumba, kwamba hakuna mkono unaokuja kutafuta paja lako. Inasikia mtoto akicheka, inapiga king'ora, moyo unakimbia, na wewe unafanya kile ambacho zamani kingekuokoa: unamnyamazisha mtoto upesi kabla hajasikika. Zamani mtoto huyo ulikuwa wewe. Sasa unawanyamazisha wengine, kwa pupa ileile.

Hiyo inaeleza kushtuka. Haielezi ndoo.

Siku ya ndoo ulikuwa na kitu kingine, na nitakitaja kwa jina lake ingawa hutalipenda. Ulikuwa na wivu. Unawaonea wivu wanao. Usiifunge barua, sijasema ni dhambi. Mtu aliyelala njaa utotoni akimwona mtoto anamwaga uji, kinachompanda hakiitwi ubahili. Wewe uliona mwanamke yuleyule, mikono ileile, anawapa wanao bure kile alichokunyima miaka yote. Ni nani asingepasua ndoo?

Lakini tazama jambo hili vizuri. Wewe unasema umelelewa na bibi. Mimi nasema hapana. Wewe ulilelewa na mama mwenye umri wa bibi. Kwetu bibi ni mtani. Mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mke mwenza, kuna kudaiana matumizi na kutukanana kwa heri, na mambo mtoto asiyoweza kumwambia mama yake anamwambia bibi. Utani huo unawezekana kwa sababu kuna mtu wa katikati, mzazi, anayebeba ada, ugonjwa, njaa na adabu. Mama yako alipofariki yule wa katikati aliondoka, na bibi yako akashuka ngazi akakaa kwenye nafasi yake. Aliyekaa pale hawezi kutania. Siku moja ulifiwa na mama na bibi kwa pamoja, ingawa bibi alikuwa hai na anapika pombe uani.

Leo wewe umekaa katikati. Ada, vifungo na simu za wazazi unabeba wewe. Bibi amerudi kwenye nafasi yake, na ndiyo maana unaona si yule. Nafasi ndiyo iliyobadilika, na umri, na pengine majuto pia. Hilo la mwisho siwezi kukuthibitishia.

Kuna sentensi yako nimeirudia mara nyingi kuliko zote. Umeandika kwamba wanaume walikuja kunywa uani jioni, ukaendelea na madaftari kana kwamba hujasema kitu. Mwanangu, rudi hapo. Mjane peke yake. Nyumba ya tembe. Uani kuna wanaume wamelewa, giza limeingia. Chumba cha ndani kuna watoto watatu, na angalau mmoja ni msichana anayekua. "Mtoto anayesikika anajulikana alipo." Anajulikana na nani? Wewe umeisikia sentensi hiyo miaka thelathini kama amri ya mtu mkali. Isome tena kama maneno ya mtu anayeogopa.

Mimi sikuwepo. Yawezekana nimekosea na alikuwa mkali tu, maana wakali wapo. Lakini nimewajua wanawake waliopika pombe ili watoto wasome, na najua walichokuwa wakihesabu usiku ule, na haikuwa hela peke yake. Kufinya hakutoi sauti. Fimbo inalia, mtoto anapiga yowe, uani wanageuza shingo.

Na leo haoni. Dunia yake ni sauti. Akakuambia, "Waache wapige kelele, nijue walipo." Ni sentensi ileile, mwanangu. Alikuwa anataka pasiwe na mtu wa kujua mlipo. Sasa anataka ajue yeye.

Sikuelezi haya ili umsamehe leo. Hofu yake inaweza kuwa kweli na paja lako likawa kweli pia. Mtoto wa miaka sita hawezi kujua kwamba anafinywa kwa kulindwa. Anachojua ni kwamba sauti yake ni kosa. Kilichokukinga gizani kiliendelea kukufinya hata mchana, hata msibani, na sasa kimevuka kwenda kwa mwanao, ambaye uani kwake hakuna mlevi.

Jirani yako anasema tulichapwa tukawa watu. Tulikuwa wengi, hilo halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliwauliza vijana wa Tanzania wa miaka 13 hadi 24, na karibu robo tatu yao, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo tunaosema "tukawa watu" tunasimuliana wenyewe kwa wenyewe, na asiyelia msibani naye yumo kwenye hesabu ya waliokuwa watu. Halafu fikiria hili: hata shuleni, ambako kiboko bado kinaruhusiwa, kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, mwalimu asichape bila idhini ya mkuu wa shule, na adhabu iandikwe kitabuni. Kwako wewe kitabu anakiandika nani?

Haya, kazi.

Kelele zenyewe kwanza, kwa sababu wataanza tena, na Mungu akipenda waanze mapema. Ukishtuka, ondoa mguu kwenye kanyagio. Usifanye jingine lolote kabla ya hilo. Cherehani kikisimama na wewe umepata sekunde mbili, na sekunde mbili ndizo zilizokosekana siku ile. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote, toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza, kisha inuka uende ukawaone. Usifokee ukiwa ndani. Kelele inayotoka nyuma ya ukuta ni ya kutisha; ukiitazama utaona ni mtoto amevaa sufuria kichwani. Macho yako yatasaidia kuituliza ile amigdala, yataipa habari kwamba ni kamba, si nyoka. Mara ya kwanza haitafaulu vizuri. Ya ishirini utaona tofauti.

Pili, panga kazi kwa kufuata watoto, badala ya kuwapanga watoto wafuate kazi. Kola na mikono ya shati, zile sehemu zinazotaka utulivu, zishone asubuhi wakiwa shule. Alasiri ndiyo saa ya kukata vitambaa, kupiga pasi, kutia vifungo, ukikaa nje kivulini unawaona. Na Desemba kataa oda. Najua unavyoumia kukataa, tangu serikali ihamie Dodoma wateja wameongezeka na fundi anayekataa leo kesho anasahaulika. Lakini sare kumi na nne za siku tatu, mtoto mdogo pembeni, mume yuko barabarani, hata aliyelelewa kwa asali angefoka.

Mume mwambie. Siyo kwa simu akiwa amepaki Singida anakula chipsi. Mwambie akiwa nyumbani ametulia. Akirudi yeye huleta miwa na vicheko, wewe ndiye askari wa nyumba. Akijua, anaweza akiwa nyumbani kuwabeba hao watatu alasiri nzima awapeleke wakapige kelele kwingine.

Ukiona unashindwa, mikono inakutangulia, au usingizi haurudi hata baada ya kumwomba mtoto radhi, tafuta mtu wa kuongea naye ana kwa ana. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu ni wa bure. Simu ya watoto 116 nayo haikatwi salio, na mzazi anaweza kupiga kuomba ushauri kuhusu mtoto wake. Na ipo Mirembe. Ndiyo, nimeitaja. Watu wa Dodoma mkisikia Mirembe mnacheka au mnatukanana, na nimeona wengi wakiteseka miaka kwa kuogopa kuonekana getini pale. Ni hospitali ya afya ya akili, ipo hapo tangu miaka ya 1920, na inapokea pia wanaokuja kwa miguu yao kwa sababu hawalali, wakarudi nyumbani wakapika chakula cha jioni.

Sasa bibi, na radhi uliyoulizia.

Una haki ya kuitaka. Hutajilaani. Ila usiifanye ndiyo bei ya amani, kwa sababu bibi wa rika lake huenda asijue hata maneno yake. Wazee wetu wengi radhi yao wameitoa kwa mbuzi. Huenda yako uliikalia ukaishonea nguo miaka kumi na tano bila kuitambua, na huenda pia haikutosha. Vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Usimrudishe Mpwapwa na kinyongo. Macho hayo, peke yake, jikoni na moto? Nenda kwake ukiwa na kazi mkononi. Chukueni mlenda muuchambue, yeye kwa vidole hahitaji macho. Anza na ya ndoo: "Bibi, nilikupokonya ndoo, nimekukosea." Hiyo ni deni lako, lilipe bila masharti. Kisha usimuulize "kwa nini ulinifinya", atajifunga. Muulize: "Bibi, jioni zile za wanywaji, ulikuwa unaogopa nini?" Halafu nyamaza, na safari hii kimya chako kiwe cha kusikiliza. Anaweza kusema mambo hujawahi kuyasikia. Anaweza kusema "aah, mambo ya zamani hayo" akaendelea na mlenda. Akisema hivyo, wewe mwambie lililo lako, kwa sauti ya kawaida: "Mimi nilikuwa naumia. Bado naumia nikisikia watoto wanacheka." Hutakuwa umemtukana. Utakuwa umesikika ndani ya nyumba moja na yeye, na sidhani kama hilo limewahi kutokea.

Ukitokwa na machozi, usimeze.

Na mpeleke macho. Mtoto wa jicho ana tiba, ni upasuaji wa muda mfupi, lenzi iliyofubaa inatolewa inawekwa nyingine. Hospitali ya Mvumi wana huduma ya macho ya miaka mingi, na hospitali kubwa za hapo mjini uliza. Ni mwanamke aliyewalinda watoto watatu kwa masikio; amekaa na wewe tangu mavuno na hajawahi kuuona uso wako wa ukubwani vizuri.

Jambo la mwisho ni ndoo. Uliyoipasua nunua nyingine, na usinunue hizi nyembamba za kuogea, hazina sauti. Tafuta kwa mafundi rangi ile tupu ya lita ishirini, plastiki nene, uioshe vizuri. Nunua mbili. Muheme hukaa katikati ya magoti ya mwanamke, na wewe magoti unayo.

Shangazi